Amekupa au amekopa?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limenikaa rohoni tangu Jumamosi. Mliuliza kama ni busara mzazi kumlipia mtoto chuo cha miaka miwili asome historia, lugha au dini, na kama huko mbele kuna kazi inayomngoja. Mkatoa mfano wa vyuo vya jamii vya Marekani, ambavyo kile cha kwanza cha umma kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901: kijana anasoma miaka miwili karibu na kwao, akitaka anahamia chuo kikuu na kuendelea mwaka wa tatu. Sawa, huko wana daraja. Kwetu Kenya aliyepata C- katika mtihani wa kidato cha nne anachukua stashahada, aliyepata C+ anaingia chuo kikuu, na wa kwanza akitaka kumfuata wa pili, hilo hutegemea chuo na chuo.

Jibu langu ni ndiyo, alipiwe. Nasema hivyo nami ni mtu wa kliaringi, yaani kuwatolea watu mizigo yao bandarini, kazi niliyoifanya miaka 26 hapa mjini Mombasa, kazi ambayo baba zetu walituambia ni mkate usiokauka. Ilipokuja reli mpya ya SGR, ya Mombasa hadi Nairobi, mwaka 2017, makontena yakaanza kupakiwa gari moshi moja kwa moja mpaka bandari kavu ya Nairobi, na sisi tukabaki kuhesabu ofisi zinazofungwa. Watu waliandamana mitaani kwa ajili hiyo, mwakumbuka. Kabla ya hapo, 2014 na 2015, mahoteli ya Pwani yalifunga milango watalii walipokosekana, na vijana waliosomea upishi na mapokezi, kozi "zenye kazi", wakarudi nyumbani na vyeti vyao. Kwa hiyo mzazi akiniambia historia haina kazi, namuuliza ni kozi gani iliyomwekea dhamana.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Kuna jambo lilitukuta nyumbani mwaka 2018, nami tangu siku ile sijaweza kulisikia swali kama lenu nikanyamaza.

Nyumba ya nyanyangu ilikuwa Majengo. Watu wa Mombasa hawana haja ya kuelezwa nyumba bila ardhi: kuta na paa ni vyako, kiwanja ni cha mwingine, na kodi ya kiwanja unaipeleka kila mwezi. Warithi wa mwenye kiwanja walitaka kujenga ghorofa, wakakubali kulipa fidia ya nyumba, shilingi laki nane. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hatujui nyumba ni ya nani. Sisi wajukuu wa nyanya tulizaliwa mle na kukulia mle. Wajukuu wa kakake, walioko Likoni, wakasema nyumba iliinuliwa kwa jasho la babu yao, nyanya aliwekwa tu akae kwa kuwa alikuwa mjane.

Ushahidi ulikuwa barua moja. Karatasi ya mistari iliyokunjwa mara nne, mikunjo imelika mpaka ikawa na vitundu, wino umegeuka rangi ya chai ya mkandaa. Tarehe yake ni Shaabani 1357, yaani mwaka 1938. Iliandikwa Lamu na rafiki wa yule kaka, ikaletwa kwa nyanya. Ni Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandikiana wazee wetu. Miaka michache kabla ya hapo mwanachuoni Sheikh Al-Amin Mazrui alikuwa akichapisha gazeti lake papa hapa Mombasa kwa hati hizo hizo.

Msidhani hatukuweza kuisoma. Sote tulipita chuoni, chuo cha Kurani, si hivi mnavyoviuliza, na herufi twazijua. Taabu ilikuwa kwamba sote tuliisoma. Upande wetu tulisoma: "Nduguyo amekupa shilingi sitini za kiwanja." Upande wa Likoni wakasoma: "Nduguyo amekopa shilingi sitini za kiwanja." Kama amekupa, basi pesa zilikuwa hiba kwa dada yake na nyumba ni ya nyanya. Kama amekopa, basi kaka ndiye aliyebeba deni la kuanzia, na madai ya Likoni yana miguu. Miezi miwili tulisukumana kwa neno hilo moja. Harusi moja ilipita nusu ya ukoo haikuhudhuria.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa amemaliza stashahada mwaka mmoja kabla, Kiswahili na historia, katika chuo kimoja cha hapa mjini. Mimi nilikuwa nimemwambia mamake waziwazi kwamba karo ile ingeanzisha duka la nguo. Sasa nikawa ndiye wa kwanza kumwita, kwa sababu nilikumbuka alisema mwalimu wao aliwapa barua za kale wazisome. Jumamosi usiku nilimshika jikoni, mamake akiwa amekwenda kuswali, nikamwambia: "Kesho ukifika pale, soma amekupa. Ni haki yetu, wewe wajua." Hakunijibu ubishi. Alisema tu, "Nitaisoma kama ilivyo, mjomba," akaendelea kukosha vikombe.

Jumapili alasiri tulikaa ukumbini watu kumi na wawili, mkeka katikati, kahawa na kaimati ambazo hakuna aliyezigusa. Mzee wa Likoni, mkubwa wao, alikaa karibu na mlango na bakora yake. Mpwa wangu aliichukua barua kwa vidole viwili, akaitandaza juu ya sinia lililofunikwa kitambaa, akaimulika kwa simu kutoka ubavuni ili makovu ya kalamu yaonekane. Akaisoma yote kimya. Kisha akaigeuza.

Miezi miwili tuliishika barua ile, tukaipiga picha, tukaipeleka kwa wakili, wala hatukuwahi kuigeuza. Nyuma yake kulikuwa na maandishi hafifu ya penseli, mistari minne. Alituuliza kama twayaona. Akasogeza kichwa, akalinganisha herufi kaf ya nyuma na kaf ya mbele, jinsi mkono ule ulivyoivuta ikapinda mwishoni, akasema ni mwandishi mmoja. Ilikuwa orodha ya vitu vya kununua: mchele pishi nne, kuku wawili, na chini yake, soko. Akaweka ukucha chini ya neno kuku, kisha chini ya neno soko.

"Tazameni," alisema. "Kuku amemtilia dhumma, alama ya u. Soko nayo ameitilia dhumma, ile ile. Na pishi ameiandika kwa ba ya nukta moja. Huyu u yake na o yake ni alama moja, p yake na b yake ni herufi moja. Kwa hati hii amekupa na amekopa ni neno moja. Siwezi kuwaambia ni lipi."

Mlio wa feni ndio uliosikika. Kakangu mkubwa, ambaye ndiye aliyemlipia muhula wa mwisho, alimkazia macho akasema: "Miaka miwili ya karo, waja kutwambia hujui?"

Akajibu kwa adabu, uso chini, lakini sauti haikutetemeka: "Najua, mjomba. Najua kwamba kwa karatasi hii peke yake haijulikani. Kuna karatasi nyengine?"

Kulikuwa na karatasi nyengine. Mkoba mzima wa ukindu, umejaa. Mwaka 2004 nilipokuwa napaka nyumba chokaa niliukuta juu ya kabati. Niliona hati za Kiarabu, na karatasi yenye hati hizo haitupwi ovyo, yaweza kuwa na jina la Mwenyezi Mungu. Nikazifunga kitambaani kwa heshima zote, nikatembea nazo mpaka Mama Ngina, pale kwenye mibuyu, nikazizamisha baharini. Ile moja ilisalia kwa kuwa nyanya alikuwa ameiweka ndani ya msahafu wake. Sikusoma hata mstari. Mimi, ambaye siku nzima ofisini nilikuwa nikisoma manifesti, orodha za mizigo ya meli, herufi kwa herufi, kwa sababu jina la bidhaa likikosewa kontena hulala bandarini na gharama zinapanda kila siku. Kwangu karatasi zile zilikuwa dua. Haikunipitikia kwamba nyanyangu alikuwa mtu aliyeandikiwa barua, aliyedaiwa, aliyelipa, na kwamba risiti zake ndizo hizo. Niliyasema hayo mbele ya wote siku ile. Mpwa wangu hakunilaumu, lakini alifumba macho kidogo kama mtu aliyechomwa mwiba.

Mzee wa Likoni ndiye aliyevunja kimya. Alisema: "Huyu ni mtoto wao, na hakuwasomea wao. Basi nami siwezi kuapa kwamba ni amekopa." Tukafanya sulhu kabla ya magharibi. Nusu kwa nusu, laki nne kila upande, na kila upande ukagawana wenyewe kwa mafungu ya sheria. Kaimati zikaliwa. Wale waliokosa harusi walialikwa Likoni mwezi uliofuata, nasi tukenda.

Kwa hiyo mkiniuliza kozi hizi zina faida gani, nalijibu swali langu, si lenu. Katika chumba kile kulikuwa na wakili mtarajiwa, mwalimu wa hesabu, mhasibu, mimi wa kliaringi, na sote tulikuwa na uhakika. Aliyefundishwa kutokuwa na uhakika, na kuonyesha kwa ukucha kwa nini, alikuwa mmoja.

Sasa niseme la pili, kwa maana nimeanza kuandika nikiwa na moto na naona unapungua kadiri navyolikaribia.

Mpwa wangu hakulipwa kitu siku ile. Tulimpa nauli. Tangu hapo ameomba kazi mahali pengi. Ualimu ulimtaka cheti cha ualimu ambacho hana. Redio moja ilimpa miezi mitatu ya kusoma matangazo ya vifo, bila mkataba. Alifanya tafsiri za vipeperushi vya afya, mashirika yakimlipa kwa ukurasa, mengine yakichelewa mpaka akasahau anadai. Siku hizi yuko mapokezi kwenye zahanati Bamburi, na Jumamosi anatembeza wageni Fort Jesus na Mji wa Kale. Nilikwenda kumsikiliza mara moja. Kila mtu huwaambia wageni kwamba Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593. Yeye huwasimamisha muda mrefu zaidi kwenye habari za jela, maana ngome ile ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na babu za watu walio hai walifungwa mle. Wageni walinyamaza. Anajiandaa kwa mtihani wa waongozaji watalii, daraja la shaba, na nina hakika atapita. Lakini msimu ukiwa mbaya, ni zahanati inayolipa kodi ya nyumba yake, na kazi ya zahanati ingeweza kufanywa bila stashahada ile. Ana miaka thelathini. Mamake hunitazama ninapomsifu mbele za watu, na najua maana ya macho yale: sifa hazinunui unga.

Nami nina binti wa mwisho anayesubiri matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne. Ameniambia anataka historia. Hizi pesa nilizo nazo ni za kozi moja, sina za pili.

Basi jibu langu kwa swali mliloliuliza nyinyi, tofauti na nilivyoanza: kama pesa ni za kozi moja, mtoto apewe kwanza ufundi au kazi ya hospitali, kitu kitakachomlipa mwezi hadi mwezi, na historia aisome baadaye, jioni, kwa pesa zake. Nimeliandika na halinipendezi. Mwenye pesa za kozi mbili simsemi. Mwenye shamba au nyumba ya kupangisha simsemi pia, mtoto wake asome atakacho. Na sisemi masomo hayo ni duni. Mmekwisha kusoma niliyoyaona. Nasema tu kwamba ukoo wetu wote ulifaidika kwa elimu ya mtu mmoja, na gharama yake ameibeba huyo mmoja peke yake, na kumtaka binti yangu aibebe vivyo hivyo ni jambo ambalo mkono wangu unasita kulitilia sahihi.

Isipokuwa kama mtoto ni wa aina ile. Mpwa wangu hakufundishwa chuoni kuigeuza barua; tangu mdogo alikuwa akigeuza mikeka kutazama jinsi ilivyofungwa upande wa chini. Mtoto wa namna hiyo ukimpeleka kwingine atageuza vitu huko huko, na huenda ukampotezea miaka. Wangu sijamwona akifanya hivyo, lakini pia sijawahi kumtazama kwa nia hiyo. Matokeo yanatoka Januari. Barua ya nyanya ninayo, nimeitia kwenye plastiki. Nitampa aishike.