Maswali ya Wasomaji: Bastola, Kaliba na Nyati wa Tabora

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mnunuzi wa asali hapa Sikonge. Ninamiliki kihalali bastola ya milimita 9, ambayo niliiombea leseni kwa ajili ya kujilinda ninapopita vijijini na fedha. Sasa ninakusudia kuomba leseni ya kuwinda nyati. Nimeelezwa kwamba kwa nyati inatakiwa bunduki ya kaliba isiyopungua .375, na nilipopiga hesabu nimeona kwamba .375 ya inchi ni sawa na milimita 9.5, yaani imeizidi bastola yangu kwa nusu milimita tu. Je, hiyo nusu milimita ndiyo inayonizuia kutumia silaha niliyo nayo? Na kama haifai, ni bastola ya kaliba gani ningeitafuta ili nimwinde mnyama mkubwa?

Mnunuzi wa asali, Sikonge

JIBU: Ndugu yetu wa Sikonge, hesabu yako haina kosa, na tunafurahi kwamba umeuliza kabla ya kuingia porini. Kaliba hueleza upana wa kichwa cha risasi, na hapo ndipo inapokomea. Haikuelezi kichwa hicho kina uzito gani, wala ganda lililo nyuma yake limebeba baruti kiasi gani, wala mtutu ni mrefu kiasi gani. Jiwe moja likirushwa kwa mkono na kisha likarushwa kwa kombeo, upana wake haubadiliki, lakini anayepigwa nalo anaijua tofauti.

Tuchukue silaha hizo mbili ulizozitaja. Kichwa cha risasi ya kawaida ya milimita 9 kina uzito wa takriban gramu 8 na hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo nishati yake ni kama jouli 490. Risasi ya .375 H&H Magnum, iliyotolewa Uingereza mwaka 1912 na ambayo hadi leo ndiyo inayobebwa na wawindaji wengi katika vitalu vyetu vya uwindaji, ina kichwa cha takriban gramu 19.4 kinachotoka kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde, na nishati yake hupita jouli 5,700. Hiyo ni zaidi ya mara kumi na moja ya bastola yako, ingawa upana wa tundu unakaribia kuwa uleule.

Tena nishati peke yake si habari yote. Kichwa cha .375 ni kirefu na kizito kwa upana wake, na kwa sababu hiyo hakisimami upesi kinapokutana na ngozi nene, mfupa wa bega na mbavu pana za nyati dume, ambaye uzito wake huwa kati ya kilo 600 na 800. Kichwa cha milimita 9 ni kifupi na chepesi. Vingi kati ya vile vinavyouzwa kwa ajili ya kujilinda vimetengenezwa vipanuke na kusimama mapema ili visimpite mtu na kumdhuru aliye nyuma yake. Kwa nyati, sifa hiyo ndiyo hasara yenyewe: risasi itaishia kwenye nyama ya bega, na mapafu na moyo, ambavyo ndivyo vinavyopaswa kufikiwa, vitabaki vizima.

Hapa tungependa ufikirie watu unaofanya nao biashara. Nyati aliyejeruhiwa hakimbilii mbali; hujificha kwenye kichaka kizito, mara nyingi karibu na njia aliyopitia, na huko hukaa na maumivu yake hadi mtu apite. Katika misitu ya miombo ya Sikonge mtu anayepita mara nyingi ni mrina asali, akiwa na kamba, moshi na ndoo, asiye na silaha yoyote zaidi ya shoka. Yeye hakufyatua risasi wala hana habari kwamba kuna aliyefyatua, na ndiye atakayekutana na hasira ya mnyama huyo. Ndiyo maana tunaona kwamba suala la kaliba si la mwindaji peke yake, na kwamba anayechagua silaha dhaifu kwa sababu tu anayo tayari mkononi anamwachia mwenzake deni la kulipa.

Kwa upande wa sheria jibu ni fupi. Leseni yako ilitolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 kwa madhumuni uliyoyaeleza, yaani ulinzi, na haigeuki kuwa ruhusa ya kuwindia. Uwindaji wenyewe unasimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 pamoja na kanuni zake, na kwa wanyama hatari kama nyati, simba, kiboko na tembo kiwango cha chini ni hicho hicho cha .375. Nenda kwanza kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya yako, naye atakueleza utaratibu wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA: ni wanyama gani wanaoruhusiwa, katika eneo gani na katika msimu upi. Usidhani kwamba kila msitu unaoufahamu uko wazi. Pori la Ugalla, ambalo wazee wengi wa Tabora walilijua kama pori la akiba lenye vitalu vya uwindaji, lilipandishwa hadhi mwaka 2019 na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna leseni ya kuwinda itakayokufaa.

Kuhusu bastola kubwa zaidi, jibu linalofuata litakutosheleza, kwa kuwa msomaji wa Urambo ameuliza jambo hilo hilo kwa upande mwingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, nafanya kazi ya kufuata nyayo katika kampuni ya uwindaji wa kitalii. Mgeni mmoja kutoka Marekani aliomba aje na rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ya kaliba .500, akaleta picha za dubu na nyati aliowaua kwa bastola katika nchi nyingine. Kampuni ilimkatalia, akakasirika. Sisi wafanyakazi tuligawanyika, wengine wakisema .500 ni kubwa kuliko .375, hivyo ilimstahili. Ukweli ni upi?

Mfuata nyayo, Urambo

JIBU: Kampuni yenu ilitenda sawa, kwa sababu Tanzania hairuhusu mgeni kuingiza bastola kwa ajili ya uwindaji. Lakini mgeni naye hakudanganya. Katika majimbo mengi ya Marekani, na hata Afrika Kusini, kuwinda kwa bastola kunaruhusiwa, na wapo waliofikia ustadi mkubwa katika jambo hilo. Inafaa tueleze wanachagua nini na kwa nini, ili mjadala wenu usisimame kwenye namba peke yake.

Bastola ya kwanza iliyowapa watu wengi ujasiri wa kuwinda mnyama mkubwa ilikuwa rivolva ya .44 Magnum, iliyotoka Marekani katikati ya miaka ya 1950, miaka ishirini hivi baada ya .357 Magnum. Kichwa cha gramu 15 na nusu kikitoka kwa kasi ya takriban mita 400 kwa sekunde huwa na nishati ya karibu jouli 1,250. Kwa swala mwenye umbo la wastani, aliyesimama ubavu umbali wa mita 50, mkononi mwa mtu aliyefanya mazoezi, hiyo inatosha. Kwa nyati, wenye uzoefu huiona kuwa iko chini ya kiwango. Baada yake ikaja .454 Casull, iliyoanza kubuniwa miaka ya 1950 na kuingia sokoni miaka ya 1980, ambayo kwa kichwa cha gramu 19 hufika jouli 2,300 hivi. Kisha mwaka 2003 ikatoka hiyo .500 ya mgeni wenu, ambayo hupita jouli 3,000. Zipo pia bastola za risasi moja moja, ambazo hufunguliwa na kujazwa upya kila baada ya mlio, na hizo hutumia hata risasi za bunduki. Wengi wanaowinda kwa umbali mrefu kidogo hupendelea aina hiyo na kuifunga darubini maalumu inayotazamwa mkono ukiwa umenyooshwa.

Sasa linganisheni. Bastola yenye nguvu kupita karibu zote zinazouzwa madukani, ambayo ikiwa na mtutu mrefu ina uzito wa karibu kilo 2, bado inaipata .375 kwa zaidi kidogo tu ya nusu ya nishati. Upana wake wa .500 ni mkubwa kweli, na tundu lake ni pana, lakini kasi yake ni ndogo kwa sababu mtutu mfupi hauipi gesi ya baruti nafasi ya kukisukuma kichwa cha risasi kwa muda wa kutosha. Wanaoitumia kwa wanyama wazito hulipia upungufu huo kwa mambo mawili: huchagua vichwa vigumu, vizito, vyenye ncha bapa, ambavyo havipanuki bali hupenya kwa kina, na humkaribia mnyama hadi mita 40 au 50, au pungufu ya hapo.

Lipo na jambo jingine, nalo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi: utulivu wa silaha. Bunduki hutulizwa na bega, shavu na mikono miwili. Bastola hutulizwa na mikono tu, na kwa kuwa vilengeo vyake vimekaribiana, mtikisiko mdogo wa kiganja huipeleka risasi mbali na shabaha. Teke la .454 au .500 ni kali kiasi kwamba mtu asiyezoea huanza kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa kushtuka kabla risasi haijatoka, na woga huo ukishamwingia ni vigumu kuuondoa. Kwa hiyo hata huko inakoruhusiwa, tunamshauri mtu achague kaliba kubwa kabisa anayoweza kuilenga vizuri kila mara, wala si kubwa kabisa aliyo na fedha za kuinunua. Aliye na ustadi wa .44 na akajizuia kwa wanyama wanaolingana nayo ni mwindaji mwema kuliko aliyebeba .500 akiiogopa.

Mnaowahudumia wageni kumbukeni pia kwamba katika rivolva yoyote yenye nguvu kuna upenyo mdogo kati ya silinda na mtutu, ambamo gesi ya moto hutoka kwa ubavuni. Kidole kilichotangulia mbele ya silinda kinaweza kukatwa, na aliyesimama sambamba na mkono wa mpigaji anaweza kuumia uso. Mlio wake unaweza kuharibu masikio hata ukisikika mara moja tu. Mkikuta mgeni akijaribu silaha ya aina hiyo popote, simameni nyuma yake, mkiwa mmeziba masikio.

Na kwa wale wenzako waliosema .500 inazidi .375, wakumbushe kwamba mwindaji bingwa wenu hubeba bunduki nzito si kwa ajili ya risasi ya kwanza ya mgeni, bali kwa ajili ya dakika zinazofuata, mnapoingia ninyi wafuata nyayo mbele, mkiwa mmeinama kutafuta damu kwenye majani, kabla ya mtu mwingine yeyote.

SWALI: Je, gobore linaweza kumwangusha pofu? Hapa Kaliua wapo wanaosema linatosha ukijaza baruti zaidi.

Msomaji, Kaliua

JIBU: Usijaribu, na umzuie anayetaka kujaribu. Pofu dume aweza kupita kilo 700, na kipande cha chuma au gololi isiyokaa sawasawa ndani ya mtutu hutoka bila mwelekeo wa kuaminika na hupoteza kasi upesi. Kuongeza baruti hakurekebishi hilo. Kunaongeza tu mgandamizo ndani ya bomba ambalo mara nyingi halikutengenezwa kwa kazi hiyo, na linapopasuka hupasuka karibu na jicho na mkono wa aliyelishika. Gobore lisilo na leseni ni kosa la jinai hata likiwa limetundikwa ukutani. Kama pofu au mnyama mwingine anaharibu mashamba, toa taarifa katika ofisi ya kijiji na kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya, ili askari wenye silaha inayostahili waje washughulikie.