Usaili sita bila kuitwa: ufanyeje?

Mdogo wangu wa Jinja, unasema umehudhuria usaili wa waigizaji mara sita Kampala, hujaitwa hata mara moja, na kila ukitazama foleni unaona wenzako wanakuzidi uzuri. Uzuri uweke kando. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza ile nikimsaidia mwongozaji kuchagua. Ukifika mtu wa ishirini, sura zote zimeshachanganyika. Anayebaki kichwani ni yule aliyemsikiliza mwenzake kwanza ndipo akajibu, si yule aliyengoja zamu yake ya kupayuka.

Halafu lugha. Wengi pale huigiza kwa Kiingereza cha kukariri. Wewe una Kiswahili, Kiganda na, nadhani, Kisoga cha nyumbani. Andaa kipande cha dakika moja kwa kila lugha, kimoja kiwe cha kuchekesha.

Wala usingoje kamera. Madina Nalwanga alionekana kwenye darasa la kucheza ngoma hapahapa Kampala, akawa mhusika mkuu wa Queen of Katwe, filamu ya 2016. Tafuta kundi la jukwaani, hata kama utaambulia nauli tu. Jukwaani hakuna kurudia: ukisahau maneno unabuni, na watazamaji wetu hawana huruma!

Picha moja safi ya uso inatosha. Fika mapema, msongamano wa magari wa Mukono, njiani kutoka Jinja, kila mtu anaujua, si udhuru. Na anayekudai pesa ili akupe nafasi, au anayekuita hotelini usiku eti kwa mazoezi, usimjibu.