Namna ya kutafsiri kitenzi "decimate"

Kitenzi hiki cha Kiingereza hujaa kwenye habari za vita, njaa na ujangili, na wafasiri hukosea kwa njia mbili: wengine huandika "kuangamiza kabisa", wengine hukumbuka asili yake wakaandika "moja ya kumi".

Asili yake ni adhabu ya jeshi la Roma. Kwa Kilatini, decimus ni "wa kumi". Kikosi kilichokimbia vita au kuasi kiligawanywa katika makundi ya watu kumi kumi, kila kundi likapiga kura, na aliyeangukiwa na kura akauawa, mara nyingi kwa kupigwa marungu na askari wenzake. Mwaka 71 KK, katika vita dhidi ya Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi, jemadari wa Roma Crassus alichukua askari 500 waliotangulia kukimbia, akawagawa makundi 50 na kuua mmoja katika kila kundi. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anaeleza kwamba katika adhabu hii waliosalia walipewa shayiri badala ya ngano na kuamriwa kulala nje ya boma la kambi. Kikosi kizima kisingeweza kuuawa, jeshi lingebaki bila watu; kura ilimtia hofu kila mmoja kwa gharama ya wachache. Ni ukatili uliopigiwa hesabu, maana asiye na hatia aliweza kufa na mwoga akabaki.

Katika Kiingereza cha karne ya 17 neno lilihusu pia kodi. Mwaka 1655 serikali ya Oliver Cromwell, aliyetawala Uingereza baada ya ufalme kupinduliwa, iliwatoza wafuasi wa mfalme sehemu ya kumi ya mapato yao, na kodi hiyo ikaitwa kwa neno hilohilo. Kwa hiyo ukikutana nalo katika maandishi ya wakati huo, angalia kwanza kama kinachotajwa ni watu au mali.

Katika habari za leo maana yake ni kuharibu au kuua sehemu kubwa, na kitu kikabaki. Chagua kitenzi kwa kuangalia kilichotendwa: nzige "waliteketeza sehemu kubwa ya mazao", ujangili "uliwapunguza mno tembo", kikosi "kilipoteza askari wengi". Mwandishi akitaja asilimia, tupa kitenzi ubaki na hesabu: "ugonjwa uliua asilimia 60 ya ng'ombe". Akiongeza neno la "kabisa", soma aya inayofuata. Ikitaja manusura, usiiandike "kabisa" hiyo.