Wanachodai vijana kuhusu kifo cha Albert Ojwang

Ndugu yangu, umeuliza vijana wa Kenya waliandamana kwa nini Juni 2025 ilhali uchunguzi wa kifo cha Albert Ojwang ulikuwa ukiendelea. Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa Homa Bay Juni 7, 2025 kwa sababu ya maneno ya mtandaoni. Akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake alikuwa maiti. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani akiwa seli. Wapasuaji wa maiti wakakuta shingo imekabwa na mwili una majeraha tele. Mtu hajikabi na kujipiga hivyo!

Siku chache baadaye, Juni 17, kwenye maandamano ya kumdaia Ojwang haki jijini Nairobi, mchuuzi aliyekuwa na barakoa zake mkononi alizabwa makofi na askari wawili, kisha akapigwa risasi ya kichwa kwa karibu, kamera zikinasa. Aliaga dunia mwisho wa mwezi.

Tena elewa hili: IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, huchunguza na kupendekeza tu, kushtaki ni kazi ya DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Faili likikwama katikati, familia hubaki na kaburi. Vijana wanadai kesi zisikizwe hadi hukumu, na aliyetoa amri naye asimame kizimbani. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawaruhusu kuandamana kwa amani.