Gari-nyumba likiingia gereji: maneno kwa fundi anayeanza Mtwara

Ukitoka chuo cha ufundi cha VETA ukaingia gereji ya hapa Mtwara, kazi za mwanzo zitakuwa bajaji, Noah za abiria na fuso zinazosomba korosho. Hizo utazizoea upesi. Ipo kazi nyingine inayokuja kwa nadra, hasa kiangazi mvua zikishakatika, nayo ni gari-nyumba: lile gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani, na nyuma yake limevuta kigari kidogo au tela. Wenyewe hupumzika Mikindani au huteremka hadi Msimbati kwenye bahari. Wengine wameshuka kutoka Dar kwa njia ya Kilwa na Lindi, wengine wametokea Msumbiji wakavuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja, lile lililofunguliwa 2010 kule Mtambaswala. Mara nyingi hawaji na shida ya injini. Wanakuambia, "Nyuma kunagonga." Ukisikia hivyo, twaa tochi uende kwenye chuma cha kuvutia, kile kinachounga gari-nyumba na tela au kigari chake.

Chuma hiki kinawadanganya vijana. Hakina gia, hakina kompyuta, hakivuji mafuta, kwa hiyo mtu anakiona ni kazi ya brashi ya waya, grisi na rangi nyeusi. Anapaka, kinang'aa, mteja anafurahi na kulipa. Rangi hiyo hiyo imefunika ufa, na ufa huo utafunguka mbele ya safari kwenye mteremko, gari la tani moja na nusu likiwa nyuma bila dereva. Mimi nashikilia kwamba rangi ni kitu cha mwisho kabisa, na chuma kikiwa na shaka sipaki hata tone.

Anza na maji. Huku kwetu adui ni wawili, chumvi na mchanga, na wote wawili hukaa mahali usipopaona: ndani ya kikombe cha tela kinachofunika gololi ya kuvutia (lile tufe la chuma nyuma ya gari), kwenye matundu ya pini, nyuma ya bamba lililofungwa kwenye chesisi. Osha kwa sabuni na maji yasiyo na chumvi, suuza vizuri, acha kikauke. Maji yawe ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na ukioshea maji hayo utakuwa umeongeza kile unachokitoa. Mashine ya kuoshea yenye presha usiielekeze kwenye soketi ya umeme wala kwenye mipira ya kuzuia vumbi, kwa sababu inausukuma mchanga ndani zaidi.

Kikishakauka ndipo uifikirie grisi. Kijana mwenye haraka huongeza grisi mpya juu ya ile ya zamani, na hapo ndipo gololi huharibika. Grisi iliyobeba mchanga inafanya kazi ile ile ya dawa ya kusagia valvu, tofauti ni kwamba huku hujapanga kusaga kitu. Futa yote ya zamani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi uione rangi ya chuma, kisha paka mpya kidogo tu.

Halafu uliza kabla ya kupaka, maana si kila chuma kinataka grisi. Kuna vikombe vya tela vyenye pedi za msuguano ndani, vinavyoibana gololi ili tela lisiyumbe. Hivyo vinataka gololi kavu, isiyo na grisi wala rangi. Ukivipaka grisi umeua kazi yake, na kuisafisha pedi iliyolowa si rahisi, mara nyingi mteja atanunua mpya. Na ile mikono miwili ya kuvutia gari dogo, inayofunguka na kujifunga kwa kuteleza, nayo ina masharti yake. Mingine ina nipeli, kile kichwa kidogo cha kuingizia grisi, na inataka grisi kwa bomba, mingine inataka silikoni kavu tu kwa sababu grisi inakamata vumbi la barabara na mkono unakwama. Mteja ana kitabu ndani ya gari. Mwombe. Fundi akiomba kitabu haimpunguzii heshima, na mimi naona wateja wa magari haya humwamini zaidi.

Sasa pima. Gololi ya magari yanayotoka Ulaya na Afrika Kusini kwa kawaida ni milimita 50. Ya Marekani iliyo maarufu ni inchi 2, yaani milimita 50.8. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini kikombe cha inchi 2 juu ya gololi ya 50 kitakuwa na mchezo, na kikombe cha 50 kinaweza kugoma kushika vizuri gololi ya inchi 2. Namba mara nyingi imegongwa juu ya gololi na ubavuni mwa kikombe. Soma zote mbili. Kisha chukua venia, kile kipimo chenye taya mbili, pima gololi mbele kwenda nyuma, halafu kushoto kwenda kulia. Hailiwi sawasawa, upande wa mbele na wa nyuma ndio unaobeba mvuto na breki. Gololi ya 50 ikisoma 49 popote pale, imekwisha. Usiongeze kipande cha bati ndani ya kikombe ili kikaze, ingawa utaona watu wakifanya hivyo na tela linatulia kwa siku mbili tatu.

Baada ya hapo, pini zinazofungia mikono ya kuvutia. Niliwahi kuletewa gari-nyumba la wazee wawili waliokuwa na dereva wao kutoka Dar, likivuta kigari cheupe. Nikainama, nikaona upande wa kulia pini si pini.

"Kaka, hii mmeitoa wapi?"

"Ya kwake ilidondoka njiani, fundi. Tukakatiwa hiyo kwenye gereji moja, tukaambiwa itatufikisha."

Ilikuwa kipande cha nondo ya milimita 16, kimekunjwa upande mmoja, upande wa pili kimefungwa kwa waya wa kufungia kuku. Nondo ina migongo, kwa hiyo uzito wote unakaa juu ya migongo hiyo na si kwenye duara zima. Kila gari likifunga breki, migongo inakula tundu. Nilipoichomoa, tundu la sikio la mkono, pale pini inapopita, lilikuwa limerefuka upande mmoja, na ukiingiza pini sahihi unaisikia inacheza kwa kidole. Pini ilipatikana kwa siku moja. Sikio lilisubiri kipuri kutoka nje, na wale wazee waliendelea na safari gari lao dogo likiendeshwa peke yake. Hawakupenda, lakini walielewa baada ya kuingiza kidole wao wenyewe. Hii ni mbinu nzuri: mteja mshikishe, usimhubirie.

Basi kila pini ichomoe, ifute, iviringishe juu ya kioo au bamba lililonyooka. Iliyopinda itaruka ruka. Angalia kipini kidogo cha kuizuia isitoke, springi yake ikilegea badilisha, ni kitu cha bei ndogo. Na pini ikigoma kutoka usikimbilie nyundo. Mara nyingi gari dogo limesimama upande au kwenye mteremko na mikono imejibana. Mwambie dereva asogeze gari kidogo lijinyooshe, pini itatoka kwa mkono.

Kuhusu nyufa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo gereji zetu zina upungufu wa vifaa na watu hujificha nyuma ya upungufu huo. Dawa maalumu ya kutafutia nyufa ni shida kuipata Mtwara au Lindi. Mafuta ya taa na chaki vipo kila duka. Safisha mahali unapopashuku hadi chuma kitupu: pembeni ya mshono wa kuchomelea, kingo za matundu ya bolti, shingo ya gololi, na pale mkono unapoungana na sikio. Paka mafuta ya taa, yaache yaingie kama robo saa. Futa yakauke kabisa. Kisha sugua chaki nyeupe mpaka pote pawe peupe, gonga chuma kidogo kidogo kwa nyundo ndogo, na ungoje. Kama upo ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatarudi nje na kuchora mstari wa rangi ya maji kwenye chaki. Mstari mwembamba ni ufa. Doa la duara huwa ni tundu la kutu au mafuta hukuyafuta vizuri, rudia.

Ukiupata ufa, jirani yako mchomeleaji atakuambia dakika kumi imeisha. Mchomeleaji huyo ni mtu mwema na mageti yake ni mazuri, lakini usimpe. Chuma cha kuvutia kimetengenezwa na kupimwa kikiwa na nguvu fulani, moto ukikipita hapo nguvu inabadilika pembeni ya mshono, na ufa wa pili unaanzia hapo hapo. Vile vile kilichopinda hakinyooshwi, kwa moto wala kwa jeki. Kinabadilishwa. Najua mteja yuko mbali na kwao na kipuri kinaweza kuchukua wiki. Akae Mikindani ale samaki.

Bolti zina maneno machache ila ni ya lazima. Kichwani zina namba ya daraja la nguvu, 8.8 au 10.9. Ukibadilisha, rudisha daraja lile lile, na usikubali bolti isiyo na namba hata kama inaingia vizuri. Nati zenye plastiki ya kujifunga zikishafunguliwa tia mpya. Tumia spana ya toki, ile yenye kipimo cha nguvu. Kwa mwongozo tu, M12 (bolti yenye unene wa milimita 12) ya 8.8 hukazwa karibu Nm 80, yaani nyutoni-mita, na M16 karibu Nm 200, lakini namba ya mtengenezaji ndiyo unayoifuata. Usipake grisi kwenye nyuzi kama kitabu hakijasema, kwa sababu bolti iliyolainishwa kwa kipimo kile kile cha toki inavutika kupita kiasi. Na chini ya bamba pasiwe na rangi nene au lami ya kuzuia kutu: ikipondeka safarini bolti inalegea yenyewe.

Umeme ni upesi. Soketi ya pini saba ya Ulaya: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeupe ndiyo ya kurudishia umeme kwenye bodi. Ukiona mteja anawasha indiketa na taa ya breki nayo inapepesa hafifu, anza na ile nyeupe, chumvi imeila. Pima kwa taa ya balbu, usitegemee mita peke yake. Mita itakuonyesha volti 12 kwenye waya uliobaki nyuzi mbili, lakini balbu itakataa kuwaka na itakuwa imekuambia ukweli. Ukimaliza, safisha pini za soketi, paka vaselini kidogo, hakikisha kifuniko kinafunga.

Kisha unganisha gari zima upime. Kama ni tela, funga kikombe kwenye gololi, halafu zungusha gurudumu dogo la mbele mpaka linyanyue nyuma ya gari sentimita chache. Kikombe kikishika, gari linanyanyuka nacho. Kikichomoka, bora kimechomokea uwanjani kwako. Minyororo ya usalama ipishane kama msalaba chini ya shingo. Ile kamba nyembamba ya breki ya dharura ifungwe kwenye kitanzi chake, iwe ndefu ya kutosha kwenye kona lakini isiburute lami. Kama ni mikono ya gari dogo, isimame karibu na usawa. Tofauti ya urefu kati ya mbele na nyuma ikizidi sentimita saba na nusu hivi, mwambie mwenye gari atafute kipande cha kupandisha au kushusha.

Mwulize pia dereva kuhusu kurudi nyuma. Gari dogo lililoungwa kwa mikono miwili halirudishwi rivasi, magurudumu yake ya mbele yanakata upande na mikono inapinda. Barabara ya kwenda Msimbati ina mchanga, mtu akikwama huingiza rivasi bila kufikiri. Afungue kwanza. Na kama gari dogo ni la otomatiki, aangalie kitabu chake kama linaruhusiwa kuvutwa magurudumu yote yakiwa chini, kwani gia nyingi za otomatiki hazipati mafuta injini ikiwa imezimwa. Hilo si la chuma chako, ila likiungua njiani atakukumbuka wewe.

Mwisho endesha mwenyewe hadi Mikindani na kurudi, ukifunga breki mara kadhaa pasipo na watu. Ukirudi, shika bolti zote tena kwa spana ya toki. Nyuma ya risiti andika kipimo cha gololi ulichosoma, ukubwa na daraja la kila bolti uliyobadilisha, Nm ulizokazia, na kwamba zikazwe tena baada ya kilomita 1,000. Anayekwenda Dar na kurudi Mtwara amezipita, kwa hiyo pengine atakayezikaza ni fundi mwingine kabisa, na hana pa kuanzia isipokuwa kwenye hiyo karatasi.