Kabla ya kuchora, hesabu fremu: kwa wadogo zangu wanaoanza katuni

Wadogo zangu mnaoanza kuchora katuni kwenye kompyuta hapa Goma, mkinionyesha kazi zenu mnaniuliza kuhusu brashi, rangi na unene wa mistari. Ni wachache wanaouliza kila mchoro ukae fremu ngapi (fremu ni picha moja katika mfululizo wa picha zinazounda filamu) kabla ya kuupisha unaofuata. Hapo ndipo katuni inapopona au kufa. Nimeona michoro mizuri sana inayotembea kama imefungwa kamba, na michoro ya vijiti tu inayomfanya mtoto acheke kwa sababu muda wake umepangwa vizuri.

Anza na kasi ya filamu. Sinema hutumia fremu 24 kwa sekunde, televisheni za mfumo wa PAL 25. Katika programu za kuchorea katuni, Pencil2D ukiifungua mara ya kwanza iko kwenye 12, Krita iko kwenye 24. Chagua kabla ya mstari wa kwanza, kisha usiiguse tena. Ukiibadilisha katikati, programu haikuongezei michoro: mwendo uliopangwa kuchukua sekunde moja kwenye 24 utachukua sekunde mbili kwenye 12, na picha zitakuwa zimeachwa mbali na sauti.

Fremu 24 hazidai michoro 24. Mara nyingi tunachora kwa mbili-mbili, yaani kila mchoro unakaa fremu mbili, hivyo sekunde moja inahitaji michoro 12. Dakika moja ina fremu 1,440. Kwa mbili-mbili utachora 720. Msione haya kufanya hivyo, hata studio kubwa zinafanya. Moja-moja iwekeni akiba kwa mwendo wa haraka sana, na kwa kamera inayomfuata mtu. Tuseme anatembea kando ya ukuta wa mawe ya volkano na mandhari inasogea kila fremu, lakini miguu yake inabadilika kila baada ya fremu mbili. Fremu ya kwanza mguu umekanyaga mahali pake. Ya pili ardhi imesonga, mguu umebaki. Mtazamaji hatajua kosa liko wapi, ataona tu miguu inateleza. Hapo chora kwa moja-moja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na mfano wangu ni chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kwa sababu kila mmoja wetu ameiangalia tangu utotoni. Mtu ameweka goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma, mbele kuna magunia ya makaa. Mrekodi kwa simu, au simama kando ya barabara na uhesabu kwa saa. Tuseme msukumo mmoja, tangu mguu ugonge ardhi mpaka ugonge tena, umechukua sekunde moja. Hizo ni fremu 24. Weka mchoro wa mguu unaogonga ardhi kwenye fremu ya 1, mchoro wa mguu unaoachia ardhi nyuma kwenye 13, na kwenye 25 unarudi mchoro wa kwanza. Michoro miwili tu, tena michafu. Icheze. Inachosha? Ifupishe iwe fremu 20. Mzigo hauonekani mzito? Irefushe iwe 30. Wakati huu kubadilisha muda ni kusogeza fremu kwa kidole; ukishachora michoro yote ya kati, kila mabadiliko yanakula usiku mzima.

Baada ya hapo ndipo uzito unaingia. Kati ya 1 na 13, kwa mbili-mbili, una michoro sita: 1, 3, 5, 7, 9, 11. Ukiipanga kwa umbali sawa, chukudu itapita kana kwamba magunia yamejaa pamba. Ibane michoro ya mwanzo iwe karibu karibu, halafu iachane kadiri inavyoshika kasi. Muda ni uleule, idadi ya michoro ni ileile, lakini sasa macho yanahisi makaa. Idadi ya fremu inasema mwendo umechukua muda gani, na nafasi kati ya mchoro na mchoro inasema kitu kina uzito gani. Mtu akikuambia "ongeza michoro iwe laini zaidi", angalia nafasi kwanza.

Mkitengeneza mwendo wa kujirudia, kama kutembea kwa fremu 24, mkumbuke kwamba fremu ya 25 ndiyo ya 1. Mkiacha mchoro huo mwanzoni na mwishoni, mtu wenu atakwama kidogo kila mzunguko.

Kwa mazungumzo, sikilizeni sauti na kuandika silabi kwenye fremu zake kabla ya kuchora mdomo wowote. Sauti za m, b na p hufunga midomo, na ufungaji huo uupe angalau fremu mbili, la sivyo jicho haliuoni. Katika "mambo" midomo inafunga mara mbili tu, kwa sababu m na b za katikati ni ufungaji mmoja. Mdomo ukitangulia sauti kwa fremu moja au mbili unaonekana sawa. Ukichelewa unaonekana wa uongo. Tena Kiswahili chetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kichwa au mkono ukishuka kwenye "ba" ya "habari", mhusika anaongea kama mtu wa hapa.

Kuna mtego mmoja wa programu. Kwenye Krita na Pencil2D mchoro unaendelea kuonekana mpaka ufike mchoro mpya, kwa hiyo ukisimama katikati na kuchora, unaweza kuwa unaharibu mchoro wa nyuma. Angalia kwenye mipangilio kama programu inaunda fremu mpya yenyewe. Na kwenye kompyuta dhaifu usiamini kasi unayoiona ukicheza: programu inaweza kuruka fremu au kuchelewa. Toa kipande kidogo kama faili ya video yenye picha ndogo, kicheze, ndipo uhukumu muda.

Ukimaliza, usitoe video moja kwa moja. Toa picha za PNG, moja kwa kila fremu, zikiwa na namba 0001, 0002 na kuendelea ili mpangilio usivurugike. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 300, zile 299 ziko salama kwenye diski. Ukirudi unaanzia 300, halafu unaziunganisha na sauti.