Mama Anasahau: Ni Uzee au Maradhi?

SWALI: Mama ana miaka 72, tunaishi Tukuyu. Tangu Krismasi anauliza jambo moja mara tatu, nne kwa saa. Juzi kaficha hela kwenye debe la unga, kisha akamshutumu mkamwana wake kuwa kaiba. Kaka anasema ni uzee, majirani wanasema karogwa. Tufanyeje?
Binti yake

JIBU: Pole sana, dada. Hajarogwa. Mzee akisahau jina likamjia jioni, huo ni uzee. Kusahau kwamba hela umeificha mwenyewe ni dalili ya kupimwa. Kwake yeye imeibwa kweli, kwa hiyo msibishane naye, itafuteni pamoja.

Kwa wiki mbili andika kwenye daftari: siku, saa, alichosahau, dawa alizomeza. Kama hakusoma sana, usimpime kwa hesabu. Tazama kazi alizozoea: kande bado anazipika kwa mpangilio wake, au anatia chumvi mara mbili? Sokoni anarudi bila kupotea?

Kisha nendeni hospitali ya wilaya na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata za dukani. Vidonge vya mafua kama Piriton huwachanganya wazee. Ulizeni vipimo vya presha, sukari, wingi wa damu, vitamini B12, kaswende, VVU na tezi ya shingo, pamoja na masikio na macho. Tezi msiiache, maana nyanda zetu hizi zilisumbuliwa sana na goita, yaani uvimbe wa tezi hiyo. Tezi ikilegea kazi yake, mtu huchoka, huhisi baridi kupita wenzake na husahau, na vidonge humrudisha.

Tena, jiko la mkaa litoke chumbani kabla hajalala, hasa baridi ya Juni na Julai. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu huamka kichwa kinamgonga, akili imevurugika. Inaua pia.

Akibadilika ndani ya saa au siku chache, anaongea ovyo, anasinzia mchana kutwa au mdomo umepinda, achaneni na daftari, mpelekeni siku hiyohiyo. Yaweza kuwa kiharusi, malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, au damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka wiki kadhaa nyuma.

Kaka naye aje. Ombeni daktari awasikilize kando, kwa sababu mbele ya mgeni mama anaweza kujibu vizuri kabisa kwa dakika 10.